Biti 3 tu kwenye simu yako: Mkaguzi wa hataza hujuaje kama ni uvumbuzi kweli?

Agosti 2022, kampuni za Oppo na OnePlus ziliacha kuuza simu zao Ujerumani. Si kwamba simu zilikuwa mbovu, wala wateja hawakuwa wamegoma.

Nokia ilikuwa imeshinda kesi dhidi yao katika mahakama ya mji wa Mannheim, kesi za hataza kuhusu teknolojia ya mtandao wa simu. Ugomvi huo uliisha Januari 2024, pande mbili zilipotia saini makubaliano ya leseni.

Hataza (watu wengi huichanganya na hakimiliki, ila ni vitu viwili tofauti) ni hati inayompa mwenye uvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasiutumie bila ruhusa yake. Ulaya hudumu hadi miaka 20 tangu siku ya kuomba. Na kama tulivyoona, inaweza kuziondoa simu sokoni katika nchi nzima.

Sasa, kabla karatasi haijapata nguvu hiyo, kuna mtu anayekaa mezani kuisoma na kuuliza: hivi hiki kitu ni kipya kweli?

Tuifuate kazi yake kwa mfano mmoja, teknolojia ambayo huenda unaitumia sasa hivi kama simu yako inaonyesha alama ya 4G+ pale juu.

Mnara unapangaje zamu?

Mnara wa simu hauhudumii watu hovyohovyo. Katika 4G, muda hukatwa vipande vya milisekunde 1, na masafa hukatwa vipande vya kilohezi 180. Kila milisekunde, programu ya mnarani huamua: kipande hiki apewe Asha anayeangalia video, kile apewe Juma anayetuma picha. Halafu simu zao hutumiwa ujumbe mfupi wa kuzijulisha.

Hiyo ndiyo kazi ya kupanga zamu.

4G ya mwanzo, ambayo viwango vyake vilikamilika mwishoni mwa 2008, iliipa simu njia moja ya masafa yenye upana usiozidi megahezi 20. Baadaye Toleo la 10 la viwango hivyo likaruhusu simu moja itumie hadi njia 5 kwa pamoja, yaani megahezi 100. SK Telecom ya Korea Kusini ilianza kuwauzia wateja huduma ya aina hiyo mwaka 2013.

Lakini njia zikiwa nyingi, kunazuka swali: ujumbe wa zamu upite wapi?

Fikiria stendi yenye daladala tano. Unaweza kuweka mpiga debe kwenye kila gari, kila mmoja akiita abiria wake. Au unaweza kuweka mmoja tu pale getini, akikuona anakwambia: "Wewe panda ile ya tatu."

Huyo wa getini anasaidia pale ambapo gari la tatu limeegeshwa karibu na spika za mhubiri na hakuna anayesikia kitu. Kwenye mtandao ni hivyohivyo. Mahali penye mnara mkubwa na vituo vidogo vinavyotumia masafa yaleyale, njia moja inaweza kujaa mwingiliano kiasi kwamba ujumbe wa zamu hausomeki. Basi unautuma kwenye njia iliyo tulivu, ukitaja kwamba data yenyewe itakuja kwenye njia nyingine.

Ili hilo liwezekane, ujumbe lazima ubebe namba ya njia. Kwenye viwango vya 4G namba hiyo ni biti 3. Biti 3 zinatosha kuhesabu vitu 8, kwa hiyo njia 5 zinaenea.

Biti 3! Ila kila simu inayofuata sehemu hiyo ya viwango itazitumia. Mwenye hataza inayozigusa anaweza kumdai mrabaha kila mtengenezaji wa simu za aina hiyo, na bei unayolipa dukani ina fedha hizo ndani yake.

Mezani kwa mkaguzi

Twende Ofisi ya Hataza ya Ulaya, makao makuu yake Munich. Nimeichagua kwa sababu mafaili ya maombi yaliyochapishwa husomeka mtandaoni na mtu yeyote, barua za mkaguzi na majibu ya mwombaji zikiwemo. Ni usomaji wenye drama kuliko unavyodhani.

Uamuzi wa mwisho ni wa wakaguzi watatu, ingawa mmoja wao ndiye hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Ombi linaweza kuwa na kurasa 60 za maelezo na michoro. Kinachopimwa hasa ni madai, zile sentensi za mwishoni zinazotaja mpaka wa kinacholindwa. Tutunge mfano wetu wenyewe. Kampuni fulani imeomba mwanzoni mwa 2010, na dai lake la kwanza linasema:

Mbinu ambayo simu hupokea, kwenye njia ya kwanza ya masafa, ujumbe wa zamu wenye sehemu inayotaja njia ya pili, kisha hupokea data kwenye njia hiyo ya pili.

Mkaguzi anaanza kutafuta. Anachotafuta ni chochote kilichowekwa hadharani kabla ya siku ya ombi, popote duniani, kwa lugha yoyote. Akimaliza anatoa ripoti ambayo kila hati iliyopatikana ina herufi pembeni. A ni hati ya kutoa picha ya jumla tu, haina madhara. Y ni hati inayoleta shida ikiunganishwa na nyingine. X ndiyo inayowakosesha usingizi mawakili, maana peke yake inatosha kuliangusha dai.

Na kwenye teknolojia ya simu, X mara nyingi haitoki kwenye hataza ya zamani. Inatoka kwenye mikutano ya wahandisi wenyewe.

Mshindani wako, au mwenzako wa ofisini

Viwango vya 4G na 5G hutungwa ndani ya ushirikiano wa kimataifa uitwao 3GPP. Kabla ya kila mkutano, kampuni hupakia mapendekezo yao kwenye seva, na seva hiyo iko wazi kwa dunia nzima. Hakuna nywila, hakuna usiri.

Mwombaji anaweza kujitetea kwamba yale yalikuwa mazungumzo ya ndani ya kikundi cha wataalamu. Utetezi huo ulishagonga mwamba zamani. Katika shauri namba T 202/97, bodi ya rufaa ya ofisi hiyo ya Ulaya ilisema kwamba pendekezo lililotumwa kwa wanakikundi cha viwango kujiandaa na mkutano kwa kawaida halina wajibu wa usiri, kwa hiyo linahesabiwa limewafikia watu wote.

Maana yake ni kwamba mhandisi wako akipakia pendekezo Jumatatu, na wakili wako akawasilisha ombi Jumatano, umejimaliza mwenyewe. Marekani sheria ina huruma kidogo: mvumbuzi aliyeweka wazi kazi yake ana mwaka mmoja wa kuomba. Ulaya haina huruma hiyo, isipokuwa kwa mambo machache sana kama vile mtu kukuibia siri. Ndiyo maana kampuni hizi hukimbilia kuwasilisha ombi kabla ya kupakia pendekezo. Saa na tarehe za seva zinageuka ushahidi.

Turudi kwenye mfano wetu. Wakati huo, mwaka 2009 na 2010, wahandisi walikuwa wakibishana hasa kuhusu jambo hili: ujumbe wa zamu ubebe namba ya njia au usibebe? Tuseme mkaguzi amepata pendekezo la mkutano wa 2009 linaloeleza ujumbe unaotaja njia nyingine. Dai letu limekutana na X. Upya umekwisha.

Kampuni inarudi na dai jembamba zaidi

Hapo ombi halijafa. Kampuni inapewa muda wa kujibu, kwa kawaida miezi minne, na inaruhusiwa kulibana dai. Inaongeza maneno: "na sehemu hiyo ina ukubwa usiobadilika wa biti 3, bila kujali simu inatumia njia ngapi."

Hati ya 2009, tuseme, ilikuwa na namba ambayo urefu wake ulibadilika kulingana na idadi ya njia. Basi tofauti ipo, na dai ni jipya. Ila upya peke yake hautoshi. Lazima pia kuwe na hatua ya uvumbuzi, yaani tofauti hiyo isiwe jambo ambalo mtaalamu wa kawaida wa fani angelifikia bila kuumiza kichwa.

Mkaguzi ana utaratibu wake. Anachukua hati iliyo karibu zaidi, anaitaja tofauti, anauliza tofauti hiyo inaleta faida gani ya kiufundi, halafu anauliza swali gumu: mtaalamu wa kawaida, akiwa na shida hiyo, *angefanya* hivi? Swali si kama *angeweza*. Kila kitu mtu anaweza. Swali ni kama kuna kitu kingemsukuma afanye.

Hapa ndipo biti 3 zinakuwa vita. Simu ya 4G haiambiwi ujumbe wake wa zamu uko wapi. Inajaribu kubahatisha, hadi mara 44 kila milisekunde kwenye njia moja, ikipima mahali na ukubwa tofauti wa ujumbe. Ukubwa ukibadilika kila njia inapoongezwa au kuondolewa, kuna kipindi kifupi ambacho mnara unadhani simu inatarajia ukubwa huu, kumbe simu bado iko kwenye ule wa zamani. Ujumbe unapotea.

Wakili wa kampuni atasema: tazama, sisi tumeondoa mkanganyiko huo, na hati ya 2009 haikuugusa kabisa. Mkaguzi anaweza kujibu: kila mhandisi wa fani hii anajua simu hubahatisha ukubwa, na dawa ya kwanza inayokuja akilini ni kuufanya ukubwa usibadilike.

Mimi ningekuwa upande wa mkaguzi. Lakini nakiri ni rahisi kusema hivyo leo, jibu likiwa tayari liko mfukoni mwa kila mtu. Utaratibu ule wa "angefanya au angeweza" uliwekwa kumzuia mkaguzi asijifanye mwerevu baada ya tukio.

Mtego wa siku ya kwanza

Kuna mchezo mwingine ambao wakaguzi wa mawasiliano wanaujua vizuri. Kampuni inaomba mapema, viwango vikiwa bado vinajadiliwa. Miaka miwili baadaye viwango vimetulia. Sasa inataka kurekebisha dai lake lifanane na viwango neno kwa neno, ili kila simu iingie ndani.

Ulaya ina kifungu cha 123(2) kwa ajili ya hilo: huwezi kuongeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye ombi siku ya kwanza. Kama kurasa zako 60 zilisema tu "sehemu inayotaja njia", bila popote kutaja biti 3 wala ukubwa usiobadilika, marekebisho yako yanakataliwa hata kama wazo ni zuri. Ndiyo maana maombi haya huandikwa kwa kurudiarudia hadi yanachosha: "biti 2, au biti 3, au biti 4, au idadi nyingine yoyote." Wakili anatega nyavu mapema.

Ombi likipita, bado kuna miezi tisa ambayo mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi, na washindani huitumia.

Jambo moja mkaguzi haliangalii: kama hataza hiyo ni ya lazima kweli kwa 4G. Kampuni hujitangazia yenyewe kwenye ETSI, shirika la viwango lililoko Sophia Antipolis, Ufaransa, na ETSI haihakiki. Ukisikia kampuni inajisifu kuwa na maelfu ya "hataza za lazima za 5G", ujue hesabu hiyo imetoka kwenye orodha ya kujitangazia.

Wazo lililozikwa likafufuka

Mwaka 2009 kulikuwa pia na pendekezo la kutuma ujumbe mmoja tu unaopanga zamu za njia kadhaa kwa mpigo. Wahandisi wa 4G waliliacha na kuchagua ujumbe mmoja kwa kila njia.

Toleo la 18 la viwango, lililokamilika 2024, limelileta wazo hilo upya kwenye 5G: ujumbe mmoja unaweza kupanga zamu kwenye hadi njia 4. Na wazo likiingia kwenye viwango, maombi ya hataza nayo huja.

Mkaguzi anayeyapokea maombi hayo anajua pa kuanzia. Ni kwenye seva ileile, kwenye mafaili ya zipu ambayo majina yake yanaanza na R1-09: R1 ni kikundi cha wahandisi wa redio, 09 ni mwaka. Bado yapo, na hata wewe unaweza kuyafungua.