Nguzo Ndefu Ambayo Hakuna Aliyeipima

Mradi wa dashibodi katika mamlaka ya maji aghalabu huzinduliwa ukumbini. Mshauri anawasha projekta, na ukutani inatokea chati ya maporomoko: kushoto nguzo ndefu ya maji yaliyozalishwa, kulia nguzo fupi ya maji yaliyotolewa ankara, katikati vipande vinavyoshuka kuonyesha maji yalikopotelea. Wajumbe wa bodi wanaielewa papo hapo, hata wasiopenda hesabu. Huo ndio uzuri wa chati hii, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Tuchukue mfano wa mezani. Mtambo umezalisha meta za ujazo 1,000,000 kwa mwezi, ankara zimetoka za 620,000. Maji halali yasiyotozwa, kama ya zimamoto, ni 20,000. Wizi unakadiriwa 60,000 na makosa ya dira 50,000. Zinabaki 250,000, zinaandikwa "uvujaji". Ndivyo mizania ya maji, iliyosanifiwa na shirika la kimataifa la wataalamu wa maji, IWA, mwaka 2000, inavyokokotolewa kutoka juu kwenda chini: uvujaji ni masalio. Sasa ofisa akiamua kwamba wizi ni 120,000, uvujaji unashuka hadi 190,000 bila fundi kugusa bomba hata moja. Nguzo ndefu kuliko zote za upotevu, ile itakayoombewa mabilioni ya kubadilisha mabomba, haikupimwa na mtu yeyote.

Hayo makosa ya dira nayo si madogo. Nyumba nyingi mijini zina tanki juu. Koki ya boya inapokaribia kufunga, maji huingia kidogo kidogo, na dira kuukuu haizunguki kabisa. Tanki linajaa, familia inaoga, msoma dira anakuta namba ileile. Kwenye chati, maji hayo yamevuja ardhini. Kwa kweli yametumika nyumba ya pili kutoka ofisini.

Halafu kuna tabia za programu yenyewe ya kuchorea chati. Katika Power BI ya Microsoft, rangi zinazokuja na chati ya maporomoko ni kijani kwa kinachoongezeka na nyekundu kwa kinachopungua. Ukilinganisha upotevu wa mwaka jana na wa mwaka huu, kanda kwa kanda, bila kubadilisha rangi hizo, kanda iliyozidi kupoteza maji inameremeta kijani mbele ya bodi! Programu hiyo pia, isipoelekezwa vingine, huonyesha kanda tano zenye mabadiliko makubwa na kuzikusanya zilizobaki katika kipande kimoja cha "nyingine". Humo kanda iliyopanda na iliyoshuka zinafutana, kipande kinatoka chembamba, na meneja wa kanda yenye tatizo analala usingizi mzuri. Mchoraji wa chati anaweza kurekebisha yote mawili kwa dakika chache, lakini mara nyingi mkataba wa mshauri huwa umeshakwisha.

Simlaumu mchoraji. Chati ya maporomoko inafanya kazi yake vizuri pale ambapo kila kipande kina risiti nyuma yake, kama hesabu za mapato na matumizi. Kwenye maji, vipande vingi ni makisio, na chati inayachora makisio kwa wino uleule inaochorea vipimo. Ningependa kuona makisio yakichorwa kwa mistari iliyokatikakatika, ili bodi ijue ni wapi inaongozwa na dira na ni wapi inaongozwa na maoni ya mtu.

Na upotevu wenyewe haupunguzwi na chati, hupunguzwa na kazi ya mitaani. Phnom Penh, Kambodia, ilikuwa ikipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993. Chini ya mkurugenzi Ek Sonn Chan upotevu ulishuka hadi takriban asilimia 6. Wateja walifungiwa dira, waliojiunganishia kinyemela wakafuatiliwa, mabomba chakavu yakang'olewa, na wakubwa nao wakalipa ankara.

Hapa Tanzania, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA, hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, na upotevu wa maji ni kigezo kimojawapo. Kwa hiyo kishawishi cha kuipamba chati kipo. Wajumbe wa bodi, mkionyeshwa maporomoko hayo tena, ulizeni kila kipande kimepimwa kwa dira gani, na dira hiyo ilihakikiwa lini. Kisicho na jibu kipewe fedha za kupimwa kwanza, kabla ya fedha za mabomba.