Wimbo bila daftari hupotea bila habari

Ndugu msomaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walimlenga mfanyabiashara, lakini juma hili nauelekeza usemi huo kwa mpenzi wa muziki. Wapo watu, vijana kwa wazee, ambao kila juma hukaa chini wakapanga nyimbo zao kumi bora. Wengine huwacheka: kazi gani hiyo isiyo na mshahara? Mimi nasema ni kazi yenye manufaa, ilimradi ifanywe kwa utaratibu na itunzwe.

Hata chati za wakubwa zilianza hivyo hivyo. Chati ya kwanza ya mauzo ya sahani nchini Uingereza ilitolewa na gazeti la New Musical Express tarehe 14 Novemba 1952. Percy Dickins wa gazeti hilo alipiga simu kwenye maduka yapatayo 20, akauliza sahani zipi zinauzwa sana, kisha akajumlisha. Wimbo wa Al Martino, "Here in My Heart", ulishika nafasi ya kwanza na kukaa hapo majuma tisa. Leo tunayajua hayo kwa sababu yaliandikwa.

Na kwetu je? Redio Tanzania Dar es Salaam iliundwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi, hadi redio za watu binafsi zilipoanza kusikika mwaka 1994, bendi nyingi za Tanzania Bara zilirekodi katika studio yake, na nyimbo zikatufikia hewani. Zilibaki kwenye kanda za redio. Bendi iliyotaka kutoa sahani aghalabu ilifunga safari ya Nairobi. Sasa, kama wimbo haukuuzwa dukani, nani angehesabu mauzo? Tunaambiwa wimbo fulani ulivuma. Ulivuma mwezi gani? Ulidumu majuma mangapi? Ulipokewa na upi? Mwenye kujibu kwa uhakika ni yule msikilizaji aliyekuwa na daftari.

Msikilizaji huyo anaweza kuwa mkazi wa Nyakunguru, huku mkoani Mara. Yeye yuko mahali pazuri pa kusikilizia. Zipo redio za Tanzania, na za Kenya ng'ambo ya mpaka, na harusini ipo iritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya. Ofisi ya mjini haitafunga safari kuja kuandika ni wimbo gani wa iritungu uliowainua watu vitini Jumamosi iliyopita. Asipouandika mwenyeji, hauandikwi.

Basi utaratibu ni huu. Kwanza, chagua siku moja ya juma na usiibadilishe. Pili, andika juu ya ukurasa wa kwanza unapima nini: nyimbo uzipendazo wewe, au zile ulizosikia mara nyingi. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Tatu, kila wimbo uandikiwe jina lake, mwimbaji au bendi, mahali uliposikika, nafasi ya juma lililopita, na idadi ya majuma iliyokaa kwenye orodha. Tarehe iandikwe kamili pamoja na mwaka. Nne, juma likishapita usirudi nyuma kuibadili orodha kwa kuwa wimbo umekuchosha. Daftari linalorekebishwa kila mara si shahidi tena.

Mwisho wa mwaka piga hesabu. Nafasi ya kwanza ipe pointi 10, ya pili 9, hivyo hivyo hadi ya kumi yenye pointi 1. Wimbo uliokaa wa kwanza majuma matatu kisha ukatoweka una pointi 30. Uliokaa wa tano majuma manane una pointi 6 mara 8, yaani 48. Hapo utatambua kwamba uliopiga kelele sana si lazima uwe ndio uliodumu.

Sasa utunzaji. Daftari lina maadui watatu: mchwa, maji na mtu anayetafuta karatasi ya kuwashia moto. Liweke ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni. Mwenye kaseti za zamani avunje vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kaseti, ili asije mtu akarekodi juu yake. Mwenye simu apige picha kila ukurasa, lakini asiitegemee simu peke yake, maana simu huibiwa na kadi ya kumbukumbu huharibika. Nakala moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine.

Najua chati ya mtu mmoja haiwezi kusema kwa niaba ya taifa. Ni ushahidi wa masikio mawili tu. Lakini mtafiti wa kesho akikuta madaftari ya watu kumi wa vijiji kumi, yenye tarehe, atayalinganisha na kupata picha ambayo haipatikani popote pengine. Asipokuta hata moja, atabaki kuuliza wazee, na wazee, ndugu msomaji, wanazidi kupungua.

Daftari la shule na kalamu vinatosha. Anza juma hili.