Shafti ya Boti Ikikwama, Nyundo Ikae Chini Kwanza

Vikundi vya wavuvi vya Pwani vyenye mashua za mashine vimetuuliza swali hili mara kadhaa: shafti imekwama, haitoki, tufanyeje? Wengine wanauliza wakiwa hawajagusa kitu. Wengine wanakuja baada ya giaboksi kupasuka, na hao ndio waliotufanya tuandike ukurasa huu. Sisi si mafundi wa mashine. Ila tumekaa na mafundi, tumewashikia taa wakifanya kazi, na baadaye tumeona vitabu vya mweka hazina. Giaboksi moja yaweza kumeza akiba ya wanachama ya miaka, na mashua ikilala mchangani hakuna samaki, hakuna mgawo, na mkopo bado unadaiwa.

Tunaongea juu ya mashine ya ndani, ile ya dizeli, siyo ile ya kuning'inizwa nyuma. Shafti inaanzia kwenye giaboksi, inapita kwenye glandi inayozuia maji, inaingia kwenye bomba na bushi ya mpira, halafu inatokeza nje ikiwa na rafadha. Pale inaposhikana na giaboksi pana kapulingi, pande nene la chuma la mviringo lililofungwa kwa bolti, mara nyingi nne, kwenye sahani ya giaboksi. Shafti inaingia ndani ya kapulingi kwa kubana sana, na kii, kile kichuma cha mraba kinacholala kwenye mfereji wake, inaizuia isizunguke peke yake. Huko kubana ni kwa makusudi. Sasa fikirieni maji ya chumvi ya ngama yanayorushwa pale kila siku kwa miaka. Kutu inaingia katikati, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Inajaza, inakaza, basi.

Kabla ya kusema imekwama, kwangueni rangi na uchafu wote kwenye kapulingi kwa brashi ya waya. Wenye mashua wanapenda kupaka rangi juu ya rangi, na chini yake hujificha skrubu ndogo za kubana, au pini iliyopitishwa toka upande mmoja hadi wa pili. Kapulingi nyingine imepasuliwa upande mmoja na kufungwa kwa bolti za kuikaza. Tumeona watu wakitoa jasho asubuhi nzima kuvuta kitu ambacho bado kimefungwa. Zungusheni pia shafti kwa mkono, gia ikiwa huru, mmoja akiangalia kama inayumba. Ikiwa iligonga mwamba ikapinda, haitapita kwenye bushi hata kapulingi ikiachia, na hiyo ni kazi nyingine tutakayoigusa mbele.

Kazi inaanza wiki moja kabla. Kapulingi iko ndani ya mashua, kwa hiyo mnaweza kuimiminia mafuta mepesi ya kulegeza kutu kila jioni huku mkiendelea kuvua. Yakikosekana, changanyeni mafuta ya taa na mafuta kidogo ya mashine. Mafuta hayafanyi kazi kwa dakika tano. Yanataka muda wa kupenya. Gongeni kapulingi kidogo kidogo ubavuni kwa nyundo ndogo, si kwa kuisukuma, ila kuitikisa kutu.

Siku yenyewe ichagueni kwa mwezi. Kwenye bamvu, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji ya Pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kupwa kwenyewe huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi. Mkiiegemeza mashua vizuri, mnapata saa chache za kufanya kazi pakavu. Saa chache tu. Kwa sababu hiyo kizibo kichongwe siku iliyotangulia: mti laini, uliochongeka kuelekea ncha, unene wake ulingane na tundu la bomba, uzungushiwe kitambaa chenye shahamu. Shafti ikitoka na kazi haijaisha, kizibo kinapigwa toka nje, maana maji yakipanda yanazidi kukisukuma ndani. Anayekishika awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Mashua imewahi kujaa maji ufukweni, mashine ndani, huku kila mtu akidhani mwenzake ndiye mwenye kizibo.

Sasa kapulingi. Wekeni alama ya tindo kwenye kapulingi na kwenye sahani ya giaboksi, ili zirudi zilivyokuwa. Legezeni glandi, fungueni bolti, sukumeni shafti na kapulingi yake nyuma kidogo kuelekea tezini. Rafadha ikigusa usukani, ng'oeni usukani. Hapa ndipo mtu anashika nyundo kubwa anaanza kupiga kapulingi, au mwingine anapiga shafti toka nje. Kila pigo la kuelekea mbele, shafti ikiwa imegusana na giaboksi, linaishia kwenye beringi na meno ya ndani. Pigo la nyuma ya shafti linaharibu hesi za nati ya rafadha. Na kufunga mnyororo kwenye mnazi ili mvute kwa gari, tafadhali, hapana.

Njia nzuri ni ya kusukuma polepole kwa bolti. Mwendeeni fundi wa jua kali awakatie bamba la chuma nene, kama milimita 20, lenye matundu yanayolingana na yale ya kapulingi. Bamba linakaa mbele ya kapulingi. Kati ya bamba na ncha ya shafti mnaweka kipande cha chuma cha mviringo, chembamba kuliko shafti, ili kipite ndani ya tundu la kapulingi. Bolti ndefu na ngumu zinapita kwenye bamba na kapulingi. Mkizikaza, bamba linavutwa kwenye kapulingi, na kile kipande kinaisukuma shafti itoke nyuma. Nguvu yote inaanzia na kuishia hapo hapo. Giaboksi haiguswi hata kidogo. Kazeni kwa zamu, robo mzunguko kila bolti, halafu mrudi ya kwanza. Anayekaza moja mpaka mwisho anapindisha bamba. Mara nyingi kuna mlio mkali kama risasi, watu wanaruka, kumbe imeachia. Kipande kikiisha urefu, wekeni kirefu zaidi mwendelee.

Ikikataa, kazeni bolti zote vizuri mziache hivyo nusu saa, mkigonga kapulingi ubavuni. Bado inakataa, tumieni moto, lakini hapa tunakuwa wakali. Ngama iwe imesafishwa mafuta, tangi la dizeli limefungwa, ndoo ya mchanga iko karibu, na kitambaa kibichi kimezungushwa kwenye glandi. Moto unapigwa kapulingi peke yake, kwa haraka. Shafti nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, nacho hutanuka zaidi ya chuma cha kawaida kikipata joto. Mkichelewa mpaka shafti nayo ikapata moto, mmeikaza badala ya kuilegeza.

Na mwisho kuna msumeno. Wanachama wengi wanaona kukata ni kushindwa. Sisi tunaona ni hesabu tu. Kapulingi ikipasuliwa kwa urefu, juu ya mfereji wa kii, inaachia bila shafti kuumizwa, na kapulingi kwa kawaida ina bei ndogo kuliko shafti. Shafti iliyopinda haina kazi tena, ikateni yenyewe. Kubalianeni na fundi bei ya kila njia kabla hajaingia mashuani, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa maana saa sita mchana maji yakirudi hakuna wa kubishana na fundi.

Rafadha nayo ikigoma, legezeni nati bila kuitoa, iache hesi tatu hivi, ili rafadha isiruke ikamvunja mtu mguu. Tumieni pula. Msisimame nyuma yake.

Wakati wa kurudisha, safisheni kutu yote, pakeni grisi kidogo, wekeni kii mpya inayokaa vizuri kwenye mfereji. Msikaze kapulingi moja kwa moja mkiwa mchangani. Mashua ya mbao hubadilika umbo ikielea, kwa hiyo ngojeni ielee, mpime nafasi kati ya kapulingi na sahani ya giaboksi kwa geji ya vipande vyembamba, juu, chini na pande zote mbili. Tofauti isizidi milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za upana wa kapulingi. Ikizidi, mashine inasogezwa kwenye vitako vyake mpaka ilingane. Glandi ya uzi ikazwe kiasi cha kudondosha matone machache kwa dakika shafti ikizunguka. Isipodondosha kabisa inaungua. Siku ya kwanza msiende mbali, na kila baada ya muda mtu mmoja aweke mkono karibu na glandi asikie kama ina joto.