Ushahidi wa Bahasha Kuukuu

Mkusanyaji wa sarafu au stempu anapofariki, warithi wake hukuta masanduku yaliyojaa bahasha ndogondogo. Nyingine ni za kaki, za mraba, kila upande kama sentimita 5, na kila moja ina sarafu yake. Nyingine ni nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, laini, zinapitisha mwanga, na ndani zimebeba stempu. Katika nyumba nyingi kinachofuata ni kutoa kilichomo na kuitupa bahasha. Hapo ndipo hasara huanza, kwa maana bahasha ile inaweza kutuambia kitu kiliwekwa humo tangu lini, kilipita mikononi mwa nani, na kwa nini leo kina rangi kiliyo nayo. Ushahidi huo unasomeka kwa lenzi, taa na ujuzi kidogo wa kemia, mradi msomaji ajue kila alama inathibitisha nini na inaishia wapi.

Tuanze na karatasi yenyewe. Bahasha nyeupe za stempu hutengenezwa kwa glasini. Wengi hudhani ni aina ya plastiki, kumbe ni karatasi tupu. Nyuzi za mbao hupondwa ndani ya maji kwa muda mrefu kuliko kawaida mpaka zilainike na kushikana, kisha karatasi hubanwa katikati ya rola zenye joto hadi nafasi za hewa kati ya nyuzi zitoweke. Karatasi ya kawaida huzuia mwanga kwa sababu miale hutawanyika kila inapotoka kwenye uzi na kuingia kwenye hewa. Hewa ikiondolewa, mwanga hupita. Mahali ilipochanika, lenzi ya kukuza mara 10 huonyesha ukingo wenye manyoya ya nyuzi. Selofeni, ambayo ni selulosi iliyoyeyushwa na kugandishwa upya, haina nyuzi hizo. Glasini ikizeeka hugeuka rangi ya chai nyepesi na kukatika kwenye mikunjo. Kaki ni jambo lingine. Karatasi nyingi za aina hiyo hutokana na mbao zilizopikwa kwa soda kali na sulfidi ya sodiamu, mbinu iliyobuniwa mwaka 1879 na mkemia Mjerumani Carl Dahl. Nyuzi zake ni imara, lakini mabaki ya salfa huweza kubaki humo, na ndiyo yanayoandika historia juu ya sarafu.

Salfa ikikutana na madini ya fedha huunda utando wa sulfidi ya fedha. Utando huo ukiwa mwembamba sana, mwanga unaorudi kutoka juu yake hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na rangi nyingine zikapata nguvu huku nyingine zikifutika, kama inavyotokea kwa mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi barabarani. Kwa hiyo rangi huja kwa mpangilio: dhahabu hafifu, wekundu wa zambarau, bluu, na mwishowe weusi kadiri utando unavyonenepa. Mkusanyiko wa Eric P. Newman wa St. Louis, Marekani, aliyeishi kati ya 1911 na 2017, ulilionyesha jambo hili wazi. Sarafu zake nyingi zilitoka kwenye mali ya Kanali Edward H. R. Green, tajiri aliyefariki mwaka 1936, na kwa miongo kadhaa zilitulia ndani ya bahasha ndogo za karatasi. Zilipoanza kupigwa mnada kwa wingi mwaka 2013, wanunuzi walivutiwa na rangi zilizojengeka polepole, na nyingi ziliuzwa pamoja na bahasha zake. Wauzaji walielewa kwamba rangi na karatasi ni sehemu mbili za ushahidi mmoja.

Umri wa bahasha nao unapimika, ingawa kwa kawaida kipimo hutoa mpaka wa upande mmoja tu: hutuambia bahasha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Chukua bahasha iliyogongwa muhuri wa duka la sarafu. Ikisomeka “New York 17, N.Y.”, namba ile ya eneo la posta inaonyesha kwamba muhuri ni wa mwaka 1943 au baadaye. Ikiwa na tarakimu tano baada ya jina la jimbo, haikugongwa kabla ya mfumo huo kuanza Julai 1963. Tazama pia mwandiko. Bolpeni ziliingia madukani Marekani Oktoba 1945. Wino wake ni mzito kama grisi, na kijigololi chake huacha mfereji unaoonekana ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa pembeni. Kwa bahasha nyeupe ipo taa ya urujuanimno. Kemikali za kung’arisha karatasi zilienea viwandani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nazo chini ya taa hiyo huwaka kwa samawati kali. Bahasha inayodaiwa kuwa ya 1920 ikiwaka hivyo, dai lake limeanguka. Isipowaka, bado haijathibitisha uzee wake, kwa sababu hata leo zipo karatasi zisizotiwa kemikali hizo.

Mwenye shaka atasema kwamba bahasha inaweza kuwa kuukuu kweli na sarafu iliyomo ikawa ngeni. Ni pingamizi la haki, maana bahasha tupu za zamani zinapatikana, na mdanganyifu anaweza kuzinunua. Ndiyo sababu bahasha isihojiwe peke yake. Sarafu iliyolala miaka mingi ndani ya kaki mara nyingi hubadilika rangi upande mmoja kuliko mwingine, na karatasi iliyoibana kwa muda mrefu huweza kubaki na duara la kipenyo kilekile. Sarafu inayong’aa pande zote ndani ya bahasha inayodaiwa kuifunika tangu 1930 inastahili kuulizwa maswali. Kila alama ikipimwa kivyake ni dhaifu; nguvu hutokana na alama zisizotegemeana kukubaliana.

Pingamizi la pili ni kwamba maandishi yanayofuatana na kitu huweza kukosea. Ni kweli. Green aliwahi kumiliki sarafu zote 5 zinazojulikana za nikeli za Marekani za mwaka 1913 zenye kichwa cha Uhuru. Moja kati ya hizo ilifika kwa George Walton, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1962. Baada ya kifo chake wataalamu waliitangaza kuwa ya kughushi, ikakaa nyumbani kwa familia karibu miaka 40. Mwaka 2003 ililinganishwa ana kwa ana na wenzake wanne huko Baltimore, ikathibitika kuwa halisi; mwaka 2013 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Fundisho lake ni kwamba maandishi hushuhudia kile ambacho mtu fulani aliamini siku fulani. Kitu chenyewe lazima kipimwe kwa uzito, madini na alama zake, na familia iliyokihifadhi licha ya hukumu mbaya ndiyo iliyowezesha hukumu hiyo kupitiwa upya.

Pingamizi zito zaidi linahusu madhara. Asidi na salfa za karatasi za zamani huharibu kile zilichokabidhiwa kukilinda. Makumbusho hulijua hili vizuri: katika jaribio lililobuniwa na Andrew Oddy wa British Museum mwaka 1973, vipande vya fedha, shaba na risasi hufungiwa na karatasi inayochunguzwa kwenye chupa yenye unyevu, kwa nyuzi joto 60, siku 28, kisha metali hukaguliwa kama zimeliwa. Mwambao wetu ni kama jaribio hilo likiendeshwa taratibu. Katika unyevu wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, glasini hunyonya maji na kujikunja, gundi ya stempu hushika, na rupia ya fedha ya enzi ya Wajerumani huendelea kuwa nyeusi. Lakini hatari hiyo inadai vitu vitenganishwe, haidai bahasha itupwe. Sarafu iwekwe kwenye kifuko cha poliesta, wala si plastiki laini ya PVC ambayo huacha ute wa kijani kwenye shaba. Bahasha ipate kifuko chake. Kabla ya kuvitenganisha, vipigwe picha pamoja, pande zote mbili, kisha namba moja iandikwe kwenye vifuko vyote viwili. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na atakayeirithi sarafu baadaye ataweza kuuliza ilikotoka na kupata jibu.