Kupika, Kugema na Kukeneka

Wafasiri wengi huandika "kutengeneza pombe" kila wakutanapo na habari za vileo vya nyumbani. Msemo huo si kosa, lakini huficha tofauti ambazo Kiswahili kimekwisha kuzipatia vitenzi vyake.

Mbege ya Kilimanjaro, ambayo marafiki huinywa kwa kupokezana kata, hupikwa: ndizi mbivu huchemshwa, kisha huchanganywa na kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, mchanganyiko huo huachwa uchachuke. Tembo la mnazi na ulanzi wa Iringa havipikwi, bali hugemwa, na utomvu wake huchachuka wenyewe. Gongo, iitwayo pia moshi, hukenekwa: kileo kilichokwisha kuchachuka huchemshwa, na mvuke wake hupozwa ukawa kinywaji kikali.

Tofauti hizi zina uzito. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 kuhusu moshi ililenga kinywaji kinachokenekwa. Mfasiri aandikaye "kutengeneza pombe" katika tangazo la sheria ya namna hiyo huwatia mgema na mpika mbege katika hatia isiyo yao. Hivyo inafaa, kabla ya kuteua kitenzi, kuuliza kwanza kileo chenyewe hupatikanaje.