Mumbai: Teksi Kwenye Picha, Watu Kwenye Treni

Simu yangu imejaa teksi za Mumbai. Ni zile nyeusi zenye paa la manjano, zimepanga foleni mbele ya hoteli ya Taj Mahal, madereva wenye mashati ya kaki wameegemea boneti wakingoja abiria. Nyingi ni Premier Padmini, gari dogo lililotokana na Fiat 1100 ya Italia, lililokuwa likiundwa hapo hapo mjini, katika kitongoji cha Kurla. Gia yake iko ubavuni mwa usukani. Juu kuna chuma cha kubebea masanduku, na dari ya ndani imefunikwa kitambaa cha maua makubwa mekundu na ya kijani ambacho dereva amekichagua mwenyewe. Gari hilo hulioni tena kazini. Sheria ya huko inaipa teksi miaka 20 tu. Padmini ya mwisho ilisajiliwa Oktoba 2003, kwa hiyo Oktoba 2023 muda wake ukaisha. Mwezi mmoja kabla yake yaliondoka mabasi mekundu ya ghorofa yaliyotumia dizeli, aina ya usafiri ambayo mji ulikuwa nayo tangu 1937, na nafasi ikachukuliwa na mabasi ya umeme yenye viyoyozi.

Mtu akizipitia picha hizo atadhani Mumbai inasafiri kwa teksi. Sivyo. Mumbai inasafiri kwa treni, na ya ndani ya treni sina picha hata moja ya maana, kwa sababu ukishaingia, mkono wa kushika simu huupati.

Ramani ndiyo inayoeleza jambo hili. Mji umekaa juu ya rasi nyembamba iliyoinama kusini, bahari huku na huku. Bandari, mahakama, benki na ofisi za zamani vilijazana kwenye ncha ya kusini, na nyumba ambazo mfanyakazi wa kawaida anazimudu zikazidi kusogea kaskazini: Andheri, Borivali, Virar, na kwa upande wa mashariki Thane na Kalyan. Asubuhi mji unateremka, jioni unapanda. Reli ilikuwepo kabla ya vitongoji vyenyewe. Aprili 16, 1853 treni ya kwanza ya abiria nchini India iliondoka Bori Bunder kwenda Thane, kilomita 34, ikivutwa na injini tatu. Umeme uliingia Februari 3, 1925, kati ya Victoria Terminus na Kurla. Kituo hicho chenye minara na nakshi za mawe siku hizi kinaitwa Chhatrapati Shivaji Maharaj, na tangu 2004 kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Picha yake ninayo. Kila aliyefika anayo.

Treni za mjini zinafanya safari zaidi ya 3,000 kwa siku na kubeba watu wapatao milioni 7, yaani zaidi ya wakazi wote wa Dar es Salaam waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Wahandisi wa reli wana hesabu yao ya saa za msongamano: watu 14 hadi 16 wamesimama ndani ya mita moja ya mraba. Jaribu kuichora hiyo mita kwa chaki sakafuni, uwaite majirani.

Mimi nilikuwa napanda behewa la wanawake. Ubavuni kwa miaka mingi lilichorwa sura ya mwanamke aliyejitanda sari; mwaka 2018 reli ya Magharibi ikaanza kumbadilisha, ikamvisha koti la ofisini. Waliomo ndani wanavaa vyote viwili. Treni inapoingia Churchgate, mwanzo wa njia, haijasimama sawasawa wenye uzoefu wameshajirusha ndani na kushika viti vya dirishani. Vituo vya njiani inasimama nusu dakika hivi, mara nyingi pungufu ya hapo. Benchi limetengenezwa kwa watu watatu na linakaliwa na wanne. Huyo wa nne anaegesha upande mmoja tu, mguu ukiwa kwenye njia ya kupitia, wala hakuna anayemnyima. Sisi wenye nyonga za pwani tuna kazi kidogo hapo, lakini tunasogezewa.

Jioni moja, treni ikielekea kaskazini, mwanamke aliyesimama mbele yangu aliniuliza neno moja tu: "Dadar?" Nikakataa kwa kichwa. "Andheri?" Nikaitikia. Akageuka akamwambia wa nyuma yake jambo, yule akamwambia wa pembeni, na kumbe tayari kiti changu kilikuwa na mrithi, na mrithi wa mrithi. Hakuna karatasi wala msimamizi, na sikuona mtu akikidaka kiti nje ya zamu. Abiria wa kila siku wanajuana kwa treni na kwa behewa; wanajua fulani anashuka wapi na nani hajaonekana wiki hii. Msimu wa sikukuu ya Dussehra wanaifanyia ibada treni yao, wanalivisha behewa mashada ya maua ya rangi ya chungwa na kugawana peremende, halafu huyoo, kazini.

Kwenye behewa hilo kazi za nyumbani zinaanzia njiani. Msimu wa njegere utaona mama ametandaza kanga yake ya huko mapajani, anamenya, maganda yanaingia mfuko huu na njegere mfuko ule, huku akizungumza na jirani bila kutazama mikono. Akifika nyumbani ni kubandika sufuria tu. Wachuuzi wanapenya na mbao zilizotundikwa hereni, vibanio vya nywele na pini. Mteja anajaribishia hereni kwenye kioo cha simu ya mwenzake, pesa inapitishwa mkono kwa mkono na chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1992 reli ilikwenda mbali zaidi ikaanzisha treni nzima ya wanawake, kati ya Churchgate na Borivali, na bado haitoshi.

Sheria ya mlangoni ni kali. Kama hushuki Dadar, usisimame karibu na mlango, maana utashushwa Dadar. Na kama unakwenda Borivali, usipande treni ya Virar eti kwa sababu inapita hapo: wa Virar, ambao safari yao ni ndefu kuliko ya wote, watakukazia njia na wanaweza wasikuachie ushuke. Nilionywa na wenyeji, nikasikia.

Picha za vijana wanaoning'inia milangoni zimezunguka dunia, na wengi wetu tunazichukulia kama mchezo. Reli hii inaua watu zaidi ya 2,000 kwa mwaka, wengine kwa kuanguka, wengi zaidi kwa kukatisha njia za reli kwa miguu badala ya kupanda daraja. Juni 2025, karibu na kituo cha Mumbra, treni mbili zilipishana kwenye kona, na waliokuwa wakining'inia wakagongana na kuanguka, kadhaa walikufa. Tangu Desemba 2017 kuna treni za viyoyozi ambazo milango yake hujifunga, lakini nauli yake ni mara kadhaa ya ile ya daraja la pili inayoanzia rupia 5. Mwenye mshahara mdogo anaujua mlango ulio wazi vizuri kuliko mimi. Naona ni haki kuwalaumu wapanga nauli kabla ya kuwalaumu vijana.

Nje ya Churchgate, kabla ya saa sita mchana, ndipo nilipopata picha nzuri kuliko zote. Ni dabbawala, wanaume wenye kofia nyeupe wanaobeba chakula cha mchana kutoka majumbani hadi maofisini, kazi iliyoanza mwaka 1890. Chombo cha bati chenye matabaka kinachukuliwa kwa baiskeli nyumbani kwa mteja, kinaingia treni, kisha kinamwagwa barabarani na mamia ya wenzake ili vipangwe upya kwa mtaa na jengo. Juu ya kila kifuniko kuna herufi, tarakimu na rangi: kituo kilikotoka, kituo kinakokwenda, jengo, ghorofa. Baadhi ya wabebaji hawakusoma sana, na alama hizo hawazikosei. Alasiri vyombo vinarudi vitupu kwa njia ile ile. Bila treni kazi hii haiwezekani. Hakuna pikipiki itakayoleta wali wa mama kutoka Borivali kwa bei hiyo.

Bajaji sina haja ya kuzieleza, tunazo. Jina tumelitoa kwa kampuni yenye makao yake Pune, si mbali na Mumbai. Tofauti ni kwamba kule zina mita na mita inatumika, na haziruhusiwi kuingia kusini mwa mji. Zinaishia Bandra upande wa magharibi na Sion upande wa mashariki. Unashuka, unalipa, unatafuta teksi au treni.

Kolkata, upande wa pili wa nchi, ndiko wapiga picha wanakoshiba. Tramu zilianza huko mwaka 1873 zikikokotwa na farasi, zikapata umeme 1902. Niliipanda kwa raha: feni darini, kengele mguuni mwa dereva, konda na kitita cha tiketi za karatasi nyembamba, mwendo ambao mtu mzima anaweza kuukimbilia. Karibu yote imekwisha. Mwaka 2024 serikali ya jimbo ilitangaza kubakiza kipande kimoja tu, kati ya Esplanade na Maidan, kwa ajili ya watalii. Riksho za kuvutwa kwa mkono nazo bado zipo mitaa ya zamani, ingawa bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuziondoa mwaka 2006. Mvutaji anatembea pekupeku katikati ya miti miwili, kengele kidoleni, na wengi wao wametoka Bihar wakaacha familia huko. Mgeni anaona aibu kupanda, mwenyeji anapanda: masika yanapojaza maji mtaani hadi magotini, teksi inazimika na riksho inapita na wanafunzi juu yake. Ninazo picha mbili za riksho, zote tupu, zimeegeshwa. Aliyekuwa kazini sikumpiga.

Chini ya mitaa hiyo hiyo inapita metro ya kwanza ya India, iliyofunguliwa Oktoba 1984, na tangu Machi 2024 njia yake nyingine inapita chini ya mto Hooghly hadi Howrah. Mumbai ilichelewa: ya kwanza 2014, na ya chini ya ardhi ikaanza kubeba watu Oktoba 2024. Ni safi, ina ubaridi, na abiria wote wana mikono ya kushika simu.

Kwa wanaosindikiza wagonjwa Mumbai, na ni wengi kutoka kwetu, treni isiwatishe. Pandeni kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri, au Jumapili. Kwenye ubao wa kituo herufi F ni treni ya haraka inayoruka vituo, S inasimama kila mahali. Ya S ina nafasi zaidi. Begi livaliwe kifuani, wala si mgongoni. Mwanaume asiingie behewa la wanawake hata kama linaonekana tupu, atatozwa faini. Na mkiulizwa mnashukia wapi, jibuni ukweli, maana kuna mtu ameshapangiwa kiti hicho.