Ritifaa na Wingi katika Kuunganisha Programu na Hifadhidata

Mtaalamu wa lugha anayehifadhi msamiati katika tarakilishi hufikia wakati ambapo hana budi kuiunganisha programu ya JavaScript na hifadhidata ya majedwali, yaani ile iliyojengwa juu ya nadharia aliyoitangaza E. F. Codd mwaka 1970. Pande hizo mbili hazisikilizani: ya kwanza hushughulika na vitu vyenye sifa, ya pili huulizwa kwa SQL habari za safu na mistari. Kati yao huwekwa mkalimani, nayo ni maktaba saidizi, mathalani Sequelize.

Muungano wenyewe si kazi kubwa. Maktaba hiyo huwekwa pamoja na kiungo cha hifadhidata inayohusika (kwa PostgreSQL ni pg), kisha hutajwa jina la hifadhidata, mtumiaji, nywila, seva na poti, ambayo kwa kawaida ni 5432. Agizo la authenticate hujaribu kama njia imefunguka.

Faida ya mkalimani huyu yaonekana katika neno ng'ombe. SQL huyazungushia matini alama ya ritifaa. Programu inayolibandika neno hilo moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL hukuta matini yamefungwa baada ya ng, na ombe limeachwa nje. Mhalifu hupenyeza amri zake kwa ufa huo huo. Maktaba huiandika ritifaa hiyo mara mbili, na SQL huielewa kuwa ni herufi tu.

Lakini mkalimani ana sarufi yake, nayo ni ya Kiingereza. Kielelezo kikiitwa Neno bila jedwali kutajwa, Sequelize hutafuta jedwali la Nenos. Hujua kwamba wingi wa Person ni People. Viambishi vya ngeli havijui kamwe. Hifadhidata yenye jedwali la maneno hujibu kwamba Nenos haipo, na mgeni huanza kuikagua nywila isiyo na kosa. Hatari zaidi ni agizo la sync, ambalo huunda Nenos, tupu, kando ya maneno, bila kulalamika. Vidahizo vipya vikaingia humo, na kamusi ikawa mbili.

Dawa ni kuandika tableName: 'maneno' katika kila kielelezo. Agizo la freezeTableName nalo huzuia wingi huo, ila huliacha jedwali na jina la umoja. Kwa msomi wa Kiswahili njia ya kwanza yafaa zaidi: Neno kwa maneno, Mtu kwa watu, Ufunguo kwa funguo.